Riali ya Katikati

Bihi Oubella aling'oa meno ya watu wa Tiznit kwa miaka thelathini na minane, na alikusanya sarafu kwa miaka hamsini. Meno yalimlisha, sarafu ndizo zilizomfanya aamke asubuhi na hamu. Mkewe alipofariki na yeye akastaafu, mwaka 2064, alijipangia kwamba umri uliobaki ataumalizia mezani, na taa yake, na lenzi yake, na riali zake za fedha za enzi za masultani. Kumbe alistaafu wakati raha yenyewe imeshakufa.

Sarafu zilikuwapo. Kiwanda kiliacha kuzitengeneza tangu binti yake wa mwisho akiwa tumboni, lakini zilizobaki zilikuwa bado zimejaa madrooni na kwenye makopo ya watu. Kilichoua raha ni Daftari Kuu. Makumbusho, mabenki na wauzaji wa dunia nzima waliingiza humo picha ya kila sarafu waliyokuwa nayo, miaka nenda miaka rudi, mpaka pakawa hapana kilichobaki nje. Ulikuwa ukiitazama sarafu kwa miwani yako, na kabla hujapepesa jicho sauti inakunong'oneza ilipigwa wapi, kwa muhuri upi, wenzake wako wangapi duniani, na nani aliishika mara ya mwisho. Hakuna cha kubahatisha tena, hakuna cha kubishania. Wakusanyaji wakachoka mmoja mmoja. Chama chao cha mkoa wa Sous, ambacho zamani kilijaza ukumbi na watu wakasimama milangoni, kilibaki na wanachama wawili: Bihi, na Hamou wa Agadir, aliyekuwa fundi wa majokofu ya samaki.

"Angalau mwaka huu tumepata akidi," Hamou alimwambia kwenye mkutano mkuu, uliofanyika juu ya sahani moja ya dagaa wa kukaanga. "Mwakani sijui."

Ila ni Hamou huyohuyo aliyegundua mlango. Alikwenda harusini kwa mpwa wake huko milimani, na bi harusi alipotolewa nje na taji la fedha kwenye paji la uso, miwani ya Hamou ikakaa kimya. Akasogea. Kimya. Akaivua, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. Mashine haikuwa na la kusema. Riali tano za kale zilikuwa zimeshonwa kwenye utepe wa ngozi na sufu, na hakuna hata moja iliyowahi kuandikwa popote, kwa sababu hakuna mama wa milimani aliyewahi kumkabidhi mtu wa makumbusho taji la bi harusi akalipige picha.

Alipiga simu palepale, matari yakivuma nyuma yake. "Bihi, ndugu yangu, wanawake wameficha kila kitu. Kiko vichwani mwao!"

Tangu siku hiyo wazee wale wawili wakawa watu wa harusi. Hamou alialikwa kwa sababu alijua kuingia kwenye mstari wa wanaume wanaocheza bila kuvuruga hatua za mtu. Bihi hakujua kucheza, lakini kila kijiji kina mtu mwenye jino bovu, na mfuko wake wa vifaa haukutoka garini. Walikula mbuzi na plamu kavu zaidi ya walivyoruhusiwa na madaktari wao. Wanawake waliwawekea sharti moja: tazama, usiguse, usipige picha. Nao walifurahi, maana picha ingekwenda moja kwa moja kwenye Daftari Kuu. Bihi alichora kwa penseli kwenye kijitabu, akirudi nyumbani anachambua: hii ya mwaka fulani, hii muhuri wake ulikuwa na ufa, hii sijawahi kuiona. Sijawahi kuiona! Alikuwa hajayasema maneno hayo kwa miaka ishirini.

Wakusanyaji wa zamani walikuwa na hadithi ya riali moja waliyoipa jina la Mtoro. Ilisemekana kwamba mwaka mmoja Sultani aliagiza riali kutoka Ulaya, zikapigwa, zikapakiwa melini, na tangu hapo hakuna aliyeziona. Ushahidi uliobaki ulikuwa mchoro mmoja tu wa kiwandani: upande wa mbele nyota, na kati ya pembe mbili za nyota nukta ndogo kama punje ya ufuta, upande wa nyuma, mwaka. Wataalamu walisema mchoro ulichorwa, sarafu haikupigwa. Bihi aliiamini hadithi hiyo tangu akiwa na miaka kumi na sita, na chama kizima kilimcheka, Hamou akiwa mstari wa mbele.

Sasa Februari ya mwaka 2068, milozi ikiwa imechanua mabonde mazima, Bihi alialikwa harusi katika kijiji cha Aguerd Ouzrou, juu ya Tafraout. Bi harusi akatoka na taji la riali saba. Bihi alikuwa na bilauri ya chai mkononi. Akaitazama riali ya katikati, akaiona nukta, na bilauri ikaanguka ikavunjika juu ya mawe ya ua.

Mtunza taji hilo, ambalo kila bi harusi wa kijiji alilivaa kwa zamu yake, alikuwa Lalla Ijja, bibi wa miaka sabini na minane, mwembamba, mwenye macho ya mtu anayejua umekuja kuomba nini kabla hujafungua mdomo. Harusi ilipokwisha Bihi alibisha kwake. Bibi akamwekea mkate wa shayiri, na bakuli la amlu ya lozi na asali ya kuchovya.

"Kula, Daktari. Wewe ndiye uliyenivunjia bilauri?"

"Nisamehe, Lalla Ijja. Mkono uliteleza."

"Mkono wa daktari wa meno unateleza? Basi nashukuru sikuwa kwenye kiti chako."

Bihi akamweleza yote, nukta, meli, mchoro, miaka hamsini. Alieleza vibaya, kwa haraka, kama mtoto anayesimulia ndoto. Zile sarafu zilikuwa zimetobolewa matundu mawili mawili na kushonwa zikabana kwenye ngozi, kwa hiyo upande wa mwaka haukuonekana.

"Nataka kuuona mgongo wake tu. Nafumua nyuzi nne, nageuza, nasoma, nashona. Sitaki kuinunua."

"Ungetaka kuinunua ungekuwa umeshafika barabarani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hapana." Akammiminia chai nyingine. "Taji halifumuliwi. Lakini kuna jino huku nyuma linanitesa tangu Ramadhani. Nalo hulitaki kuliona mgongo?"

Bihi akaenda garini kuchukua mfuko wake.

Jino lenyewe halikuwa la kuokolewa, na majirani zake wawili nao walikuwa njiani kulifuata. Ikabidi arudi wiki ya pili, na mwezi uliofuata kupima taya, kwa sababu Bihi alikuwa daktari wa kizamani aliyeamini kwamba meno ya bandia yanayotolewa na mashine hayakai mdomoni mwa mtu anayesema sana. Mara ya tatu, akiwa na mdomo umejaa nta ya kupimia, Lalla Ijja alinung'unika kitu.

"Umesema?"

Akatoa nta. "Nimesema bi harusi. Siku tatu za harusi taji ni lake, si langu. Mimi mlinzi tu. Bi harusi akisema geuza, linageuzwa."

"Na harusi nyingine ni lini?"

"Agosti. Mjukuu wangu, Tilila." Halafu akaonekana kama mtu aliyefungua banda la kuku kwa bahati mbaya, akarudisha nta mdomoni mwenyewe.

Kutoka Machi mpaka Agosti Bihi alipanda mlimani mara nyingi kuliko jino lolote linavyohitaji. Alijifunza kupasua lozi kwa jiwe bila kuponda kiini. Alijifunza kwamba Lalla Ijja hapendi kusaidiwa kubeba ndoo lakini anapenda kusindikizwa anapoibeba. Akakuta ukutani picha ya msichana amevaa koti zito mbele ya jengo la matofali mekundu, akauliza ni nani.

"Fadma, mdogo wangu. Alikwenda Ufaransa akaolewa huko. Ameshakufa." Na papo hapo akauliza kama Bihi anajua kwa nini siku hizi mbuzi hawana ladha.

Hamou alimpigia kila Jumapili. "Umepanda tena?"

"Kurekebisha meno. Yanambana ufizi wa kushoto."

"Jino gani hilo lina asali na amlu ndani yake? We mzee, umeoa hujaniambia?"

"Acha upuuzi."

"Mimi sina neno. Ila kama ni posa, mahari usipeleke sarafu. Watazishona kichwani, hutaziona tena."

Harusi ikafika, lozi zikiwa zimeshaanguliwa na kuanikwa juu ya mapaa. Tilila alikuja kutoka Ouarzazate, alikokuwa mhandisi wa vioo vya jua, msichana wa miaka ishirini na tisa mwenye kucheka kwa sauti na kutembea kama mtu aliyechelewa. Siku ya kwanza ya harusi, walipomaliza kula, Bihi alimfuata akaomba ombi lake. Alijiandaa kueleza tena mambo ya meli na nukta. Tilila hakumpa nafasi.

"Njoo kesho asubuhi, Ami Bihi, kabla hawajanivalisha. Mimi pia nataka kuiona."

Asubuhi chumba kikubwa kilikuwa kimejaa wanawake, hina ikinukia, watoto wakikanyaga sketi za watu. Mwanamume kuingia humo lilikuwa jambo la kuzomewa, na walimzomea vizuri. "Daktari, umekosa mlango, wenye meno wako nje!" Tilila aliketi juu ya zulia, mikono yake imekolea hina, taji mapajani. Kwao kulikuwa na desturi: kila asubuhi ya harusi bi harusi anazipitia zile riali saba kwa kidole gumba, moja moja, na kwa kila moja anaomba jambo lake kimoyomoyo. Alifanya hivyo, midomo ikicheza. Alipomaliza akamkabidhi Bihi.

"Geuza."

Lalla Ijja, aliyekuwa akimpangia mjukuu wake shanga, akasimama akatoka kwenda jikoni.

Bihi alipiga magoti karibu na dirisha. Alichukua kile kindoano chembamba alichokuwa akichokolea meno, akalegeza uzi wa kwanza. Nta ya zamani ilitoka vipande vipande. Uzi wa pili, wa tatu, wa nne. Riali ikamdondokea kiganjani.

Ilikuwa nyepesi. Hilo alilijua kabla ya macho. Akaigeuza. Mgongo ulikuwa umejaa vishimo vidogo vidogo, vile vishimo vya hewa ambavyo Bihi alivipigania kwa miaka thelathini na minane kila alipomimina chuma kwenye kalibu kumtengenezea mtu jino. Ukingoni palibaki alama ya mahali kalibu ilipofungwa, haikusuguliwa. Sonara aliing'arisha mbele, nyuma akaiacha, maana alijua nyuma haitatazamwa. Hii haikupigwa kwa muhuri wa sultani yeyote. Ilimiminwa, tena ya bati, pengine na fedha kidogo ya kuzuga.

"Vipi, Ami?" Tilila aliuliza.

Bihi alitaka kusema uongo. Alifungua mdomo kabisa, na neno la kwanza lilikuwa tayari. Lakini sauti ilitoka mlangoni.

"Ni bandia," alisema Lalla Ijja. Alikuwa na mwiko mkononi. "Mwambie tu, Daktari. Usijitie dhambi kwa ajili yangu."

Akaingia ndani.

"Niliifanya mimi," akaendelea, macho yake yakiwa kwa Tilila peke yake. "Mama alikufa, taji likanijia nina miaka ishirini na mitatu. Mwaka uleule Fadma akapata mchumba Ufaransa. Usiku kucha analia, ataolewa kule kwenye mvua, kwenye ofisi, bila taji, bila mtu wa kumpigia kigelegele. Zimebaki siku chache aondoke. Nikafumua ya katikati nikamtilia kwenye soksi yake. Nikamwambia omba mambo yako yote saba kwa hii moja. Sonara mmoja wa Tiznit alikuwa amekuja sokoni, nikamwomba kabla Fadma hajaondoka anitengenezee mfano wake." Akafuta mwiko kwa aproni, ingawa ulikuwa mkavu. "Mabibi harusi wote waliokuja baadaye wameomba kwa bati. Arobaini na mmoja. Nimewadanganya miaka hamsini na mitano."

Katika kona, mwanamke mnene wa rika la Lalla Ijja, jirani yake Tuda, akakohoa.

"Ijja. Mimi niliolewa mwaka gani?"

"Sasa hilo linahusu nini?"

"Linahusu. Mimi ni wa kwanza baada ya Fadma kuondoka. Nilipitisha kidole asubuhi ya harusi yangu, Desemba, barafu iko juu ya mlima. Sita zilikuwa baridi kama maji ya kisima, ndivyo fedha ilivyo. Hiyo ya katikati, vuguvugu kama chai iliyosahauliwa."

"Ulijua?"

"Nilijua kuna kitu."

"Na ukanyamaza?"

"Niseme nini, mwenzangu? Nikusimamishe mbele ya watu siku ninayoolewa? Nikasema moyoni, Ijja ana sababu yake. Nikaomba watoto. Si unawaona?"

Mwanamke mwingine akainua mkono kama mwanafunzi. "Mimi nilidhani ni vidole vyangu, nilikuwa nimeshika hina ya moto."

"Mimi nilimwambia mama," akasema wa tatu, "akaniambia nyamaza, hata yeye aliisikia."

Na wa nne, na wa tano. Kila mmoja alikuwa ameishika siri hiyo peke yake, akiamini ndiye pekee anayeijua, na kila mmoja alikuwa ameamua vilevile: asimwaibishe Ijja. Vicheko vilianza kona ya Tuda vikazunguka chumba kizima, wanawake wakipigana mabega, wengine machozi yanawatoka. Lalla Ijja alisimama katikati yao na mwiko wake, akiwatazama mmoja baada ya mwingine kana kwamba anawaona kwa mara ya kwanza.

"Hata mimi, bibi," akasema Tilila. "Jana nilipojaribu. Ndiyo maana nikamwita Ami Bihi. Nilidhani nina kidole kibovu."

"Washenzi nyinyi," Lalla Ijja akasema, akiwatikisia mwiko. "Miaka hamsini na mitano silali vizuri!"

"Na sasa una meno ya bandia na taji la bandia," Tuda akampigia ukelele, "umekamilika!"

Wakati hayo yote yakiendelea, hakuna aliyekuwa akimwangalia Bihi. Alikuwa bado amepiga magoti dirishani, lenzi jichoni, ameishika ile riali ya bati kwa ncha za vidole. Kati ya vile vishimo vya hewa, upande wa mwaka, tarakimu nne zilikuwa zimesimama wazi. Sonara aliichukua kalibu kutoka kwenye sarafu halisi, hakuongeza wala hakupunguza. Nukta ilikuwapo. Mwaka ulikuwapo, ule ule wa kwenye mchoro. Bati lile lisingeweza kuupata mwaka huo popote isipokuwa kwenye mgongo wa Mtoro mwenyewe.

"Alikuwepo," akasema kwa sauti ndogo.

"Nani?" Tilila akamuuliza, akijifuta macho kwa nyuma ya mkono ili asiharibu hina.

"Mtoro. Alikuwepo kweli. Aliishi hapa, kwenye utepe huu. Babu zenu waliolewa naye." Akajisikia alivyosema, akajirekebisha. "Bibi zenu."

Wanawake wakacheka upya, na safari hii Bihi akacheka nao, mpaka lenzi ikamtoka jichoni.

Nje matari yalikuwa yameanza, na mstari wa wanaume ulikuwa ukijipanga. Tilila akamtazama bibi yake. Mali ni yake siku tatu, yeye ndiye wa kusema. Wangeweza kutafuta riali nyingine ya fedha, ya kweli. Bihi mwenyewe alikuwa nazo nyumbani, na alisema hivyo, na alimaanisha. Tilila akatikisa kichwa.

"Mama yangu aliomba kwa hii. Irudishe, Ami. Na ubane vizuri, tutacheza sana."

Bihi akashona. Mkono haukuteleza. Lalla Ijja alimshikia utepe, na walipomaliza akakata uzi kwa meno yake mapya, kitu ambacho Bihi alikuwa amemkataza waziwazi.

Hamou alipopiga simu mchana, Bihi alikwenda kusimama nyuma ya ghala ili asikie.

"Sema haraka, presha yangu haivumilii. Ni yeye?"

Bihi akamsimulia.

"Kwa hiyo una ushahidi," Hamou akasema, na ilikuwa mara ya kwanza katika miaka hamsini Bihi kumsikia hana utani. "Nilikucheka mbele ya watu. Nisamehe, ndugu yangu. Sasa tuwaandikie Daftari Kuu. Wote wale wataalamu, waje wakuombe radhi kama mimi!"

"Watataka picha."

"Wape picha!"

"Watataka kujua imetoka wapi, nani aliitoa, kwa nini. Wataandika chini yake: sarafu bandia. Hamou, hii si bandia."

"Ni bati, umesema mwenyewe."

"Ni bati." Bihi akachungulia kutoka nyuma ya ghala. Uani walikuwa wakimtoa Tilila, vigelegele vikapasua hewa. "Njoo uione wewe mwenyewe. Kesho ni siku ya tatu. Wanamtafuta mtu anayejua kucheza."

Hamou alifika alfajiri, amenyoa ndevu. Aliitazama riali ya katikati siku nzima kutoka kwenye mstari wa wanaume, na hakuna aliyeandika chochote popote.

Wiki moja baada ya harusi Lalla Ijja alimuuliza Bihi kama anajua kuandika Kifaransa kizuri, cha adabu. Fadma alikuwa amefariki miaka kumi na mitatu iliyopita. Aliacha wana na binti, na binti ana watoto, na tangu msiba ule hapakupita salamu kati ya nyumba mbili.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu niliogopa watadhani nadai sarafu." Alikuwa amekaa kwenye ngazi, miguu juani. "Andika kwamba sidai. Andika hilo kwanza, kabla ya salamu."

"Kwanza salamu, Lalla Ijja. Ndiyo adabu yenyewe."

"Haya, salamu. Lakini fupi."

Waliandika mchana kutwa. Bihi alikuwa na swali lake ambalo lingeingia kwenye mstari mmoja tu, mahali popote, bila kumsumbua mtu: je, mnayo bado? Kila alipokaribia kuliandika, Lalla Ijja alikuwa na jambo jingine la kuuliza, kama wanakula vizuri, kama baridi ya kule bado ni ileile, nani amefanana na Fadma. Ukurasa ukajaa. Akatia sahihi kwa niaba yake, na swali likabaki kwake.

Jibu lilikuja Oktoba, kutoka kwa mjukuu wa Fadma aitwaye Naila. Bihi alilisoma kwa sauti jikoni, akitafsiri huku anasoma. Naila aliandika kwamba wako ndugu watatu, na kwamba mama yake alilia alipoliona jina la kijiji. Akatoa habari za kila mmoja: mkubwa anajenga boti, wa kati ana mapacha, na katika mapacha hao kuna mmoja anayekataa kula kitunguu hata kikisagwa, anakinusa kama paka. Halafu, karibu na mwisho, akaandika kwamba bibi yao alikuwa na sarafu ya zamani yenye matundu mawili. Hawajui iko wapi. Mjomba mmoja ana kopo la vifungo vya nguo vya bibi, wataliangalia wakienda kwake.

Bihi akaacha kusoma. Akatua karatasi mezani. Kopo la vifungo. Alijiona kabisa analimimina juu ya kitambaa cheupe, anatenganisha kifungo na kifungo.

"Umefika wapi?" Lalla Ijja akamuuliza.

"Kwenye sarafu. Sikiliza, anasema huenda..."

"Hiyo nimesikia." Alikuwa ameegemea mbele, viwiko mezani, amefumba macho. "Rudi nyuma. Nisomee tena yule wa kitunguu."

Bihi akaichukua karatasi, akarudi nyuma, akasoma.